Gurinder Chadha: Binti wa Nairobi aliyeteka sinema za Uingereza

KAMA umewahi kutazama Bend It Like Beckham, huenda sehemu muhimu kabisa ilikupita. Wengi hukumbuka msichana Mhindi anayepiga frikiki, Keira Knightley akiwa bado mdogo, na mama anayepiga kelele kwamba binti yake hajui kupika. Lakini kuna dakika chache ambapo baba mtu, mzee mwenye kilemba aitwaye Bwana Bhamra, anamweleza kocha mbona hataki binti yake acheze soka. Anasema ujanani alikuwa mrushaji hodari wa kriketi shuleni kwao, na timu yao ikabeba hadi kombe la Afrika Mashariki. Alipofika Uingereza, klabu za Wazungu zilikicheka kilemba chake na kumfukuza. Hakucheza tena.

Ujana huo aliuishi wapi? Hapa kwetu, Nairobi.

Si jambo lililowekwa hapo kwa bahati. Mwanamke aliyeielekeza filamu hiyo, na kuiandika akishirikiana na wenzake wawili, alizaliwa Nairobi mnamo Januari 10, 1960, karibu miaka minne kabla ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa. Jina lake Gurinder Chadha. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki Nairobi. Familia ilihamia Southall, magharibi mwa London, Gurinder akiwa mtoto wa takriban miaka miwili. Kule, baba yule yule aliyekuwa na kazi ya heshima Kenya alikuta milango imefungwa, kisa kilemba na ndevu. Mwishowe akaanzisha biashara yake mwenyewe ili watoto wale.

Kwa hivyo ukimsikia Bwana Bhamra akiongea, jua ni msichana aliyekua akimtazama baba yake akimeza uchungu kimya kimya, akaja kumpa sauti miaka mingi baadaye, mbele ya ulimwengu mzima.

Najua unachouliza. Hayo ya Nairobi na London yanaihusu vipi Kisumu? Subiri.

Kisumu unayoijua ilizaliwa na reli. Garimoshi lilipofika ufuoni Desemba 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Waliolaza mataruma kutoka Mombasa hadi ziwani walikuwa vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa njiani, kwa magonjwa, ajali na simba wale wa Tsavo waliokuja kupata umaarufu kuliko watu waliowala. Wengi walirudi kwao mkataba ulipoisha. Wapatao 6,700 walibaki. Wakafuatwa na ndugu, mafundi, makarani na wenye maduka. Baadhi yao walipewa mashamba pale Kibos wakalima. Kufikia 1922 Miwani ilikuwa na kiwanda cha sukari, cha kwanza nchini.

Ndiyo maana ukitembea Oginga Odinga Street ukitazama juu, wala si kwenye vibao vya M-Pesa, utaona majengo ya zamani yenye majina ya Kihindi na miaka iliyochongwa kwenye saruji. Ndiyo maana tuna hekalu la Makalasinga katikati ya mji. Ndiyo maana Kericho, hapo juu tu, ilimtoa Joginder Singh, dereva aliyeshinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Na ndiyo maana wapiga kura wa Kisumu Mashariki hawaoni ajabu yoyote kumchagua Shakeel Shabbir kuwa mbunge wao tangu 2007. Serikali ilipotangaza mwaka wa 2017 kwamba Wakenya wa asili ya Kihindi ni kabila la 44, watu wa Kisumu walikuwa wamelijua hilo kitambo, hata kama hakuna aliyewapa namba.

Familia ya Chadha ni ya jamii hiyo hiyo ya Wapunjabi waliojaa Afrika Mashariki. Lakini fikiria kidogo. Sisi wengi tunalijua duka la Mhindi kutoka upande mmoja wa kaunta, upande wa mnunuzi. Unaingia, unaagiza, unalipa, unatoka. Nyuma ya pazia la duka kuna jikoni, kuna nyanya anayelalamika, kuna msichana anayetaka kitu ambacho wazazi wake hawakitaki. Chadha ametumia maisha yake yote ya kazi akiipiga kamera kutoka huko nyuma ya pazia.

Na hakuanza na kamera. Alisoma Chuo Kikuu cha East Anglia, akaingia utangazaji, akawa ripota wa redio wa BBC. Kuelekea 1990 akatengeneza makala yake ya kwanza ya filamu, I'm British But..., akiwauliza vijana wa asili ya Kiasia nchini Uingereza wanajiona nani hasa, huku muziki wa bhangra ukivuma. Makala fupi tu, lakini swali lile hajaliacha mpaka leo.

Mwaka wa 1993 ikaja Bhaji on the Beach, skripti ikiwa ya Meera Syal. Akina mama na wasichana wa Kihindi wanapanda basi dogo kwenda kutembea ufuoni Blackpool kwa siku moja. Chadha akawa mwanamke wa kwanza Mwingereza wa asili ya Kiasia kuelekeza filamu ndefu. Ukitaka kuitazama moja tu ya kazi zake za awali, itazame hii. Mmoja wa wasichana, Hashida, anasomea udaktari na ndiye fahari ya jamaa zake. Ana mimba, na mwenye mimba ni kijana mweusi aitwaye Oliver. Habari zinapovuja ndani ya basi, wale mashangazi waliokuwa wakicheka pamoja wanageuka baraza la hukumu.

Hapo ndipo ninapomheshimu Chadha. Angeweza kutengeneza filamu za kulalamika kuhusu ubaguzi wa Wazungu peke yake, na zingeuza. Badala yake amekuwa akionyesha pia ubaguzi unaokaa sebuleni mwao. Hata katika Bend It, Jess anamweleza rafiki yake kwa mzaha orodha ya wanaume ambao hawezi kuwaleta nyumbani: Mzungu hapana, mweusi ndio kabisa usithubutu, Mwislamu ni kifo. Watu hucheka pale kwenye sinema. Ukiwa umekulia Milimani au Manyatta, ukiwajua Mluo na Mhindi waliowahi kupendana na jinsi pande zote mbili zilivyopiga kelele, utacheka pia, ila kwa namna nyingine.

Baada ya Bhaji, uliza ilichukua muda gani kupata filamu ya pili. Miaka saba! Filamu ya kwanza ilisifiwa, ikateuliwa kwa tuzo za BAFTA, na bado mwelekezi akakaa miaka saba. Ilipokuja, mwaka wa 2000, ilikuwa What's Cooking?, kuhusu familia nne za Los Angeles zikipika chakula cha Siku ya Shukrani: Wavietnamu, Walatino, Wayahudi na Wamarekani weusi. Ilifungua tamasha la Sundance mwaka huo. Aliiandika na mumewe, Mmarekani Paul Mayeda Berges, na tangu hapo wameandika pamoja karibu kila kitu. Kwa maoni yangu hii ndiyo filamu yake inayoonewa zaidi. Watu wachache wameiona, na hakuna anayepika vizuri hivi kwenye skrini.

Kisha 2002.

Bend It Like Beckham ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 6. Hakukuwa na staa. Parminder Nagra hakujulikana, Knightley alikuwa bado kijana mdogo. Nagra alikuwa na kovu kubwa la moto mguuni tangu utotoni na akadhani litamnyima kazi, maana mchezaji soka huvaa kaptura. Chadha hakulificha kwa vipodozi. Aliliandika ndani ya hadithi, likawa kovu la Jess, na eneo ambapo Jess anamwonyesha kocha wake kovu hilo likawa miongoni mwa sehemu tulivu na nzuri kabisa za filamu. Kama unajifunza kuandika, hapo kuna darasa zima.

Halafu kuna ile fainali. Siku moja, saa moja: harusi ya dada yake Jess na mechi ya kutafuta ufadhili wa masomo Marekani. Chadha anakata huku na huku, ngoma za harusi na filimbi ya refa, sari zikipepea na jezi zikichafuka. Jess anaweka mpira chini kupiga frikiki. Anatazama ukuta wa mabeki, na badala ya mabeki anawaona mama yake na mashangazi wamejipanga wakiwa na sari zao. Lazima aupindishe mpira uwapite. Hakuna anayehitaji kukueleza maana yake. Ile picha moja imebeba filamu yote, na ndiyo sababu msichana wa Vihiga au Seme aliyeambiwa soka ni ya wavulana ataielewa bila tafsiri. Vihiga Queens, hapo kwa jirani, mwaka wa 2021 walitwaa ubingwa wa CECAFA na kuwa klabu ya kwanza ya Kenya kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake barani. Kila mmoja wa wale wasichana alikuwa na ukuta wake wa sari, au wa leso tuseme.

Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 76 duniani. Mwisho wa mwaka 2010 ilirushwa hata kwenye televisheni ya Korea Kaskazini, ikiwa filamu ya kwanza ya nchi za Magharibi kuonyeshwa huko. Mwaka wa 2015 ikageuzwa mchezo wa jukwaani wa nyimbo jijini London. Na mwisho wake, ukiwa umeanza kutafuta rimoti, unamwona Bwana Bhamra kwenye nyasi akicheza kriketi na kocha. Yule yule aliyeapa kutocheza tena. Usizime mapema.

Mafanikio kama hayo yangemfanya mtu arudie kitu kile kile. Yeye alijaribu mengi, na si yote yaliyomkubali. Bride and Prejudice ya 2004 ilichukua hadithi ya Jane Austen ikaipa nyimbo za Bollywood na Aishwarya Rai. Rangi tele, nyimbo nzuri, lakini binafsi naona inakimbia sana kufurahisha. Angus, Thongs and Perfect Snogging ya 2008 ni komedi ya wasichana wa shule. It's a Wonderful Afterlife ya 2010, hebu tuipite.

Viceroy's House ya 2017 ni habari nyingine. Inasimulia siku za mwisho za utawala wa Uingereza India mwaka wa 1947, na jinsi nchi ilivyokatwa vipande viwili. Hili kwake halikuwa somo la historia. Nyanya yake alikuwa miongoni mwa mamilioni waliokimbia, na mtoto wake mchanga alikufa njaa njiani. Kwenye mwisho wa filamu Chadha anaweka wazi kwamba hii ni damu yake. Hata hivyo hakuponyoka lawama. Mwandishi Fatima Bhutto wa Pakistan aliichambua vikali kwenye gazeti la Uingereza, akisema imewapendelea watawala na kuwasawiri Waislamu vibaya. Uitazame kisha usome lawama, uamue mwenyewe. Lakini uone pia ugumu wake: mtu anayetengeneza filamu ndani ya Uingereza, kwa pesa za Uingereza, kuhusu dhambi ya Uingereza.

Miaka miwili baadaye alirudi kwenye kile anachokijua. Blinded by the Light inatokana na kitabu cha mwanahabari Sarfraz Manzoor, kijana wa Kipakistani aliyekulia mji wa Luton miaka ya 1980, baba akipoteza kazi kiwandani, wabaguzi wakitema mate mitaani, naye akiokolewa na kanda za Bruce Springsteen. Iliuzwa Sundance 2019 kwa takriban dola milioni 15. Baba tena. Mwana tena. Ndoto ambayo nyumbani haieleweki. Waweza kusema anajirudia. Mimi nasema kuna waandishi wenye swali moja kubwa, na huyu wake unatokea Nairobi.

Na mwaka wa 2025 swali hilo lilisogea hadi ziwani kwetu. Filamu yake Christmas Karma ni hadithi ya Dickens ya bahili anayetembelewa na mizimu usiku wa Krismasi, lakini bahili huyu ni Mhindi, Bwana Sood, akiigizwa na Kunal Nayyar. Na utotoni mwake Bwana Sood alifukuzwa Uganda na Idi Amin. Unakumbuka 1972: siku 90, ondokeni. Wapatao 27,000 walitua Uingereza. Wahakiki wengi hawakuipenda filamu, na nyimbo zake hazitakaa kichwani mwako. Ila wazo lenyewe linauma: kwamba moyo wa yule mzee uligeuka jiwe siku alipofukuzwa ng'ambo ya ziwa hili unaloliona kutoka Dunga.

Kenya hatukumfukuza mtu kwa siku 90. Tulikuwa na namna yetu. Sheria za 1967 ziliwabana wasio raia, nani afanye kazi na nani auze nini, wapi. Uingereza nayo ikaona maelfu wenye pasipoti zake wanakuja, ikapitisha sheria ya kuwazuia mwanzoni mwa 1968, kwa siku tatu tu bungeni. Watu wakabaki hewani kati ya nchi mbili. Miji ya reli kama Kisumu iliona maduka yakibadilisha majina usiku kucha. Familia ya Chadha ilikuwa imeshaondoka miaka kadhaa kabla ya hayo, lakini watu waliowajaza Southall na Leicester baadaye walitoka kwenye mitaa hii unayokatiza ukienda stendi ya basi.

Filamu ya hayo, kutoka upande wetu, iko wapi?

Usinijibu kwamba pesa hakuna. Najua hakuna. Ukienda kibanda cha video Kondele au Nyalenda, utakuta wasee wamejaa wakitazama muvi ya Kihindi iliyotafsiriwa na DJ Afro, wakicheka mpaka machozi. Hadhira ipo, na tena hadhira inayozijua filamu za Kihindi kuliko watu wengi wa London. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika hadithi ya hapa. Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni Kisumu, kabla ya Oscar ya 2014 alikuwa ameshaelekeza makala yake mwenyewe, In My Genes, ya 2009, kuhusu Wakenya wenye ulemavu wa ngozi. Wanuri Kahiu alifika Cannes 2018 na Rafiki. Mira Nair, mwelekezi Mhindi, alipiga sehemu ya Mississippi Masala Kampala, kisha mwaka wa 2004 akaanzisha huko Maisha Film Lab ya kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki. Kampala, si Hollywood. Basi la usiku linakufikisha.

Na hadithi zenyewe? Jaboya, ambapo mwanamke hapati samaki bila kutoa mwili. Migingo, kisiwa kidogo kuliko uwanja wa mpira ambacho nchi mbili zinakigombania. Gugu maji likifunga ufuo na mvuvi akikaa nyumbani wiki nzima. Binti wa duka la Kibos na kijana wa shamba la miwa. Angalia tu Chadha alivyofanya: hakuanza na mada, alianza na mtu anayetaka kitu, kisha akaweka familia nzima mlangoni. Kwake ni mpira. Kwako ni nini?

Pia chunguza alivyoandika. Karibu kila skripti yake kubwa ina majina mawili matatu. Bend It iliandikwa na yeye, Berges na Guljit Bindra. Blinded aliiandika na Manzoor mwenyewe pamoja na Berges. Vijana wengi hapa mjini wana skripti kwenye simu wanayoificha wasije wakaibiwa, na miaka inapita ikiwa humo humo ndani. Mtafute mwenye hadithi, mkae mezani.

Ya mwisho, kwa wapenzi wa soka. Katikati ya 2025 Chadha alitangaza kwamba anashughulikia mwendelezo wa Bend It Like Beckham, akilenga miaka 25 ya filamu ile, yaani 2027. Jess atakuwa mwanamke mzima sasa. Natamani wamwulize mzee Bhamra ule uwanja wa Nairobi aliochezea ulikuwa wapi, na kombe lile la Afrika Mashariki walimfunga nani fainali. Kama ilikuwa ni timu ya Kisumu, itabidi tulipize.